Meka Moja Ina Kilo Ngapi?

Sokoni Kolwezi, mama muuza unga hana mizani. Ana beseni la unga wa mahindi na kopo moja limekaa juu yake. Kopo hilo ndilo meka. Lubumbashi wanalijua, Likasi wanalijua, na hapa pia bei ya bukari (ugali) ya jioni hutajwa kwa meka. Mama anachota, anaongeza kwa kiganja mpaka unga unafanya kilima, anakinga pembeni kwa mkono wa kushoto usimwagike, anamimina kwenye mfuko.

"Mama, niongezee basi," anasema mteja.

"Aa mama, si unaona imejaa?"

Hata hivyo anatupia kiganja kimoja zaidi. Hiyo ni matabisi. Biashara imekwisha na hakuna aliyetaja kilo.

Sasa mweke hapo karani wa takwimu mwenye fomu inayodai bei kwa kilo. Atauliza, na mama atajibu, maana ni mtu wa adabu na karani amekuja na kalamu. Atasema meka ni kilo mbili, au mbili na nusu, kama alivyosikia kwa wenzake. Karani atagawanya, ataandika, na tarakimu itaanza safari ya kwenda ofisi ya mkoa na baadaye Kinshasa. Huko mbele hakuna atakayeliona kopo tena. Ile kilo iliyoandikwa haikupimwa na mtu yeyote.

Ninaamini makosa mengi ya takwimu zetu za kilimo huzaliwa hapo, tunapolazimisha kipimo cha kukusanyia kiwe kilekile cha kutolea hesabu. Hivyo ni vipimo viwili. Mkulima na muuzaji waulizwe kwa kile wanachokitumia, nacho kiandikwe kama kilivyo: meka, beseni, gunia, fungu. Kugeuza kuwa kilo ni kazi ya ofisi, na ifanywe kwa mizani.

Inaonekana rahisi mpaka ulijaze kopo lenyewe. Chukua kopo la lita moja, ulijaze punje kavu za mahindi na kulisawazisha kwa kijiti: utapata karibu robo tatu ya kilo. Lijaze unga, utapata nusu kilo na kidogo. Lijaze maharage, utakaribia gramu mia nane. Kwa hiyo swali la "meka ni kilo ngapi" halina jibu moja. Kuna jibu la punje, la unga wa mahindi, la unga wa mihogo na la maharage, na lazima kila moja lipimwe peke yake.

Halafu kuna kilima. Punje za mahindi zikimwagwa hujipanga kwa mteremko wa digrii ishirini na tano hivi. Nimepiga hesabu: kopo lenye kimo cha sentimita 12 na upana wa sentimita 16 huongezewa na kilima kama asilimia 10 ya ujazo wake. Beseni lenye kimo hichohicho lakini upana wa sentimita 40 huongezewa zaidi ya asilimia 25. Kadiri mdomo wa chombo unavyopanuka ndivyo kilima kinavyobeba sehemu kubwa ya biashara. Karani aliyeandika "beseni 1" bila kusema limesawazishwa au limerundikwa ameacha nje robo ya beseni. Kwenye fomu dosari hiyo hurekebishwa kwa herufi moja tu, S au R.

Nchi kadhaa zimekwisha kulifanyia kazi jambo hili. Wataalamu wa tafiti za kaya wa Benki ya Dunia walitoa mwongozo mwaka 2017 juu ya vipimo vya kienyeji, wakitegemea uzoefu wa nchi kama Malawi, Nijeria na Ethiopia. Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Kabla ya utafiti, timu huzunguka masoko ya kila eneo na mizani, hununua au huomba kupima kila kipimo kwa kila zao, hurudia kwa wauzaji kadhaa, kisha huweka wastani wa eneo lile. Hupiga pia picha za fungu dogo, la kati na kubwa, kando yake kitu cha kulinganishia ukubwa. Mhoji anapofika nyumbani kwa mtu, anafungua albamu na kuuliza: lilikuwa kama lipi? Aliyeuza huonyesha kwa kidole, wala halazimiki kukisia kilo.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kurudia. Kopo hubadilika, hasa njaa inapokaribia. Mkoa huu unategemea sana mahindi na unga wa Zambia unaopita mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, Februari 2024, hofu ya bei ilivuka mpaka. Katika nyakati kama hizo muuzaji ana njia mbili. Anaweza kupandisha bei mbele ya macho ya wateja, au anaweza kuacha bei ilivyo na kupunguza kilima, au kubonyeza kitako cha kopo kiingie ndani. Tuseme meka imebaki kwenye faranga zilezile lakini unga umepungua kwa asilimia 10. Bei halisi ya kilo imepanda kwa asilimia 11, na daftari la karani linasema soko limetulia. Simlaumu muuzaji, naye ana watoto na gunia lake limepanda. Ninalalamikia jedwali la kugeuzia lililopimwa mara moja na kutumika miaka yote, kwa sababu linashindwa kuona njaa katika mwezi uleule ambao kuiona kungesaidia.

Gunia nalo lina mambo yake. Mkulima akikwambia amevuna magunia 20, muulize yuko nchi gani na ameyapata wapi. Kenya huhesabu mahindi kwa gunia la kilo 90 na shamba kwa ekari: magunia 20 kwa ekari ni karibu tani 4.4 kwa hekta. Tanzania gunia ni kilo 100, kwa hiyo maneno yaleyale ni tani 4.9. Ng'ambo ya Kasumbalesa gunia la mahindi ni kilo 50, na magunia 20 kwa hekta ni tani moja tu. Tena hayo ni magunia ya kawaida. Watanzania wana neno lumbesa, gunia lililorundikwa mpaka likashonewa kofia ya kamba juu, na serikali yao imepambana nalo kwa miaka kwa sababu mkulima hulipwa gunia moja akiwa ametoa zaidi. Gunia la makala (mkaa) linaloletwa Kolwezi limerundikwa namna hiyohiyo, kwa hiyo idadi ya magunia peke yake haitoshi.

Kipimo cha ardhi kina historia chungu zaidi. Ukoloni wa Kibelgiji ulileta kilimo cha lazima kwa sheria ya tarehe 20 Februari 1917, na ari, yaani mita za mraba mia moja, ikawa kipimo cha amri: ari hizi za pamba, ari hizi za chakula. Pamba ilipelekwa kwenye mizani kwa sababu kampuni iliinunua. Mihogo iliyoliwa nyumbani haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Nadhani ndiyo maana hadi leo mzee akiulizwa ukubwa wa shamba lake humtazama muulizaji vizuri kwanza. Kipimo kilichowahi kutumika kumdai mtu hakisahauliki upesi.

Zambia walipata njia ya upole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizara yao ya kilimo iliacha kumweleza mkulima mdogo mambo kwa hekta, ikatumia lima: kipande cha mita 50 kwa 50, robo ya hekta. Neno ni la Kibemba na Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Uzuri wake uko kwenye mbolea. Ushauri wa kawaida wa mahindi ni kilo 200 za mbolea ya kupandia kwa hekta na kilo 200 za kukuzia. Kwa lima moja hiyo ni mfuko mmoja wa kilo 50 na mfuko mmoja wa kilo 50, basi. Kipimo kilichaguliwa ili shamba, mfuko na ushauri vilingane bila kalamu. Na mwanatakwimu hakupoteza kitu, maana lima nne ni hekta kamili.

Hata hivyo, kumuuliza mtu kuna mpaka wake. Uganda walilinganisha maneno ya wakulima na vipimo vya setilaiti, katika utafiti wa kaya wa 2005/06, ikaonekana wenye vishamba vidogo huvitaja kuwa vikubwa kuliko vilivyo, na wenye mashamba makubwa huyapunguza. Baadaye mashariki mwa Uganda, watafiti walikata na kupima mahindi ya kipande cha shamba badala ya kutegemea kumbukumbu ya mvunaji. Kwa miongo mingi wanauchumi wamesema mashamba madogo hutoa zaidi kwa hekta kuliko makubwa, na sera zimeandikwa juu ya msemo huo. Mavuno yalipopimwa kwa mizani, tofauti hiyo ilitoweka. Kumbe sehemu ya nadharia ilikuwa ni watu wenye vishamba vidogo kutaja mavuno kwa ukarimu.

Mihogo ndiyo inayoninyima usingizi, maana hakuna siku ya mavuno. Mama anachimba mashina mawili leo, matatu Jumamosi, mengine yanakaa ardhini hadi mwakani. Ukimuuliza amevuna kiasi gani kwa mwaka, unamwomba ajumlishe safari mia moja za shambani. Malawi walijaribu kuwapa wakulima daftari la kila siku na kuwakumbusha kwa simu. Mavuno yaliyoandikwa yakazidi waziwazi yale ya kukumbuka. Kwa mihogo, basi, anza na muda: "juma lililopita ulichimba vikapu vingapi?" Kisha rudi juma lijalo.

Na ukishapata kilo zote, usizijumlishe bado. Hapa watu wa Kolwezi wana somo tayari mikononi. Mchimbaji anayepeleka kobalti kwenye soko la madini la Musompo anajua kwamba mfuko wake haununuliwi kwa uzito peke yake. Kifaa wanachokiita metorex husoma asilimia ya madini, unyevu hukatwa, na bei hutoka baada ya hapo. Atabishana juu ya asilimia, atabishana juu ya unyevu, lakini hakuna anayedai kwamba kilo ya mawe ni sawa na kilo ya kobalti. Ripoti za migodi nazo hutaja tani za metali iliyomo. Lakini kwenye chakula tunajumlisha mihogo mibichi, ambayo zaidi ya nusu ni maji, na mahindi makavu, tunapata "tani za chakula" za mkoa. Kilo moja ya mahindi ina nguvu ya zaidi kidogo ya mara mbili ya kilo ya mihogo mibichi. Hata mahindi kwa mahindi: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki, zinabaki kilo 92.5. Tunamkata mchimbaji unyevu kila siku, basi na takwimu za chakula zikatwe unyevu vilevile.

Fedha nitaigusa kidogo. Meka huuzwa kwa faranga, gunia la unga la kilo 25 mara nyingi hutajwa kwa dola, na anayelinganisha bila kuandika kiwango cha siku ile anachanganya bei ya unga na bei ya noti. Mfululizo mrefu una ugumu wake: mwaka 1993 zaire milioni tatu ziligeuka zaire mpya moja, na 1998 zaire mpya laki moja zikageuka faranga moja. Kwa bei za kale ni heri kuuliza kibarua cha siku moja kilinunua unga kiasi gani.

Nzilo, karibu na Kolwezi, pananivuta zaidi kwa sababu hapo mambo haya yote hukutana kwenye mtumbwi mmoja. Bwawa lilijengwa kwa ajili ya umeme wa migodi miaka ya 1950, likazaa ziwa, na ziwa likazaa wavuvi wanaoilisha Kolwezi. Samaki hutoka majini akiwa kwenye beseni, huuzwa mbichi kwa fungu, na wasionunuliwa hufukizwa moshi na kusafiri katika magunia. Karani akiandika mabeseni alfajiri ufukoni na magunia mchana barabarani, amehesabu samaki haohao mara mbili, tena kwa uzito tofauti. Samaki mbichi ni maji kwa karibu robo tatu. Kilo 100 zake, zikikaushwa hadi kubaki na unyevu wa asilimia 15, hazifiki hata 30. Hesabu za uvuvi duniani hutolewa kwa uzito wa samaki mzima alivyotoka majini, kwa hiyo gunia la moshi lazima lizidishwe kurudi nyuma.

Kama ningepewa daftari la ufuko huo ningelichorea safu saba. Chombo. Idadi. Kimesawazishwa au kimerundikwa. Aina ya samaki. Mbichi au wa moshi. Bei, pamoja na noti iliyotumika. Ya saba, ya kilo, ingebaki tupu siku nyingi, hadi siku moja ya kila mwezi ambapo karani angekuja na mizani ya kuning'iniza, amwombe mama wa kwanza ruhusa, apime beseni likiwa limejaa na likiwa tupu, kisha afanye vivyo hivyo kwa la pili, hadi afikishe kumi.