Kisima ni cha Nani? Maswali na Mjadala katika Ufundishaji wa Kifo Kisimani

Mwalimu mwenzangu, tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia iliwahi kutahiniwa katika KCSE, na aghalabu ilifundishwa kwa imla: maudhui, wahusika, mbinu, kisha mtihani. Mwanafunzi aliandika kuwa Gege ni msaliti mwenye tamaa, akatia nukta. Hakukosea. Ila hakuuliza lolote, na tamthilia hii haieleweki bila kuuliza.

Chukua darasa la Bulla Pesa, mjini Isiolo. Humo mna Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu. Kwao maji si ishara ya kitabuni tu. Kabla hujaandika "uongozi mbaya" ubaoni, waulize: katika Butangi, kisima ni cha nani? Kisha nyamaza. Usiwahi kujijibu, kimya hicho ndicho mwanafunzi anachofikiria ndani yake.

Mwanafunzi wa Kiborana huenda akaeleza kuwa visima vya jadi vya Waborana huwa na aba herega, mtu anayepanga zamu za kunywesha mifugo kwa kufuata kanuni za jamii. Hapo swali la pili linajileta: Bokono anatofautianaje na aba herega? Wote wana mamlaka juu ya maji. Mmoja anawajibika kwa wanywao. Mwingine anawatawala kwa kiu. Darasa litagundua lenyewe kwamba mwandishi hapingi mamlaka, bali mamlaka yasiyoulizwa. Hilo halipatikani kwa kunakili mwongozo.

Swali la tatu ni gumu zaidi. Gege anamuua ndugu yake, Mwelusi, kwa kuahidiwa kumwoa Alida, bintiye Bokono. Alaumiwe nani zaidi, aliyeua au aliyeahidi? Ligawe darasa pande mbili. Kila hoja iambatane na tukio au kauli kutoka kitabuni, kwani mjadala usio na ushahidi ni soga. Wanaonyamaza waandike hoja zao kwanza, ili wasemaji hodari wasitawale kipindi kama Bokono kisimani.

Utasema kipindi ni dakika 40 na silabasi ni ndefu. Ni kweli. Basi teua swali moja kwa kila onyesho, lililobaki litolewe kwa muhtasari.

Nawe mtahiniwa, katika karatasi ya 102/3 neno "jadili" halikuombi orodha. Linakutaka upime pande zote na kuthibitisha. Aliyezoea kubishana darasani hashtushwi na dondoo asilolitarajia, ilhali aliyekariri huligeuza swali lifanane na jibu alilonalo. Vitabu teule hubadilika. Tabia ya kuuliza huhama na mwanafunzi kutoka kitabu hadi kitabu.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwalimu asiyeulizwa naye ajichunguze: huenda kisima kipo, ila amekizungushia ua.