Musalaba wa Mukuba: Tunauonyesha, Lakini Hatuufundishi

Katika sherehe zetu za mila musalaba wa mukuba haukosekani. Mwaka 1960 uliwekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga. Wenye kuhutubia wanatukumbusha kama ulikuwa feza, ulikuwa mali ya kuoa, na kama walioufukua Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliukuta ndani ya makaburi ya wazee. Ni kweli yote. Lakini hapo njo wanasimama, na mimi mwalimu wa shimi ninarudi nyumbani na njaa.

Juu ya nini hawasemi namna ulivyotengenezwa? Wakati wa kipwa mafundi walichimba jiwe la kijani, malakiti. Walijenga tanuru na udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza na mivukuto. Moto uligeuza jiwe kuwa oksidi. Gesi ya makala ikainyanganya oksijeni. Mukuba ukabaki, ukayeyuka kwa digri karibu 1.085. Ile njo reduksio tunayoandika ubaoni kila mwaka, sawa vile ni kitu kilichofika na meli.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza: « Mwalimu, si wazee walitumia dawa tu? » Nilikosa jibu la haraka. Kitabu changu hakikuwa na hata mustari mumoja juu ya tanuru zetu. Mutoto wa namna hiyo anakariri formula bila laboratware, anafikiri sayansi ni ya wengine, na kwenye mulango wa politeknike anageuka nyuma. Kumbe wazungu waliokuja kutafuta madini walifuata mashimo ya wazee wake, mbele tanuru kubwa ya Lubumbashi haijawashwa mwaka 1911.

Tusisifu yote, hata hivyo. Ufundi ule ulifungwa ndani ya jamaa chache, na fasi nyingi wanawake walikatazwa kukaribia tanuru. Siri isiyoandikwa inakufa pamoja na mwenyewe. Na binti anayependa shimi hana haja ya katazo lile.

Basi ninaomba jambo dogo. Kwa sherehe ijayo, pembeni ya musalaba tuweke jiwe la malakiti na makala, na mwanafunzi mumoja, binti ao kijana, atuelezee njia yote toka jiwe mupaka mukuba. Wazee wanaokumbuka waketi pale, wamusahihishe. Ngoma itafuata.