Ufundi wa Kukaa na Kutazama

Kila anayesoma saikolojia ya watoto hufundishwa dakika ishirini za Mary Ainsworth. Mama na mtoto wake wa mwaka mmoja huingizwa katika chumba wasichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mtu mgeni. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, na watafiti walio nyuma ya kioo wanaangalia mtoto anavyompokea akirudi. Jaribio hilo limerudiwa katika nchi nyingi na ndilo lililomjengea jina. Nami naliheshimu, ila sifa zangu naziweka kwingine: kwenye saa alizokaa sebuleni mwa Waganda, miaka kadhaa kabla chumba hicho hakijabuniwa.

Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1913, akakulia Toronto, na huko akapata shahada ya uzamivu mwaka 1939. Wakati wa vita alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada akafikia cheo cha meja. Hayo tuyapite. Ufundi aliukuta London, alikohamia na mumewe mwaka 1950 akapata kazi katika kliniki ya Tavistock chini ya John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza yanayompata mtoto akitenganishwa na mama yake. Mwenzake kazini alikuwa Mskoti mmoja, James Robertson, ambaye awali alitunza boila katika kituo cha watoto cha Anna Freud. Kwa Anna Freud kila mfanyakazi, msomi na asiye msomi, alitakiwa kuandika kwenye kadi kile alichomwona mtoto akifanya. Ainsworth aliposoma maandishi ya Robertson aliazimia kuwa siku akipata utafiti wake mwenyewe, atafuata njia hiyo.

Siku hiyo ilifika mwaka 1954, mumewe alipopata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii mjini Kampala. Ainsworth alitafuta familia 26 zenye watoto ambao hawajaachishwa ziwa, katika vijiji vya jirani na mji. Kila baada ya wiki mbili alikwenda na mkalimani, akakaa saa mbili hivi, na baadhi ya nyumba alizirudia kwa muda wa hadi miezi tisa. Alichagua alasiri, wakati ambapo wanawake wa Kiganda hupokea wageni, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuacha jembe au jiko kwa ajili yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; jembe la mgeni huyu lilikuwa daftari.

Akaandika nini? Vitu ambavyo kila mzazi ameviona na hakuna aliyeona haja ya kuviandika. Mtoto anashuka mapajani mwa mama, anatambaa kwenda kumchunguza mgeni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anarudi kumgusa goti, kisha anaondoka tena. Mtoto analia mikononi mwa jirani, ananyamaza tu akichukuliwa na mama. Mama akirudi kutoka nje, mtoto anapiga makofi. Kukumbatia na kubusu, salamu za watoto wa kwao Ainsworth, hakuziona kwa watoto hawa. Mtaalamu aliyekuja na orodha ya dalili za upendo aliyoiandaa Toronto angerudi na taarifa kwamba mtoto wa Kiganda hana mapenzi.

Nadharia za wakati ule zilishikilia kuwa mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula. Daftari la Ainsworth lilikataa: walikuwapo watoto walioshikamana na baba au jamaa wengine ambao hawakuwalisha kamwe. Lakini ninaloliona kubwa zaidi ni hili. Akina mama walioweza kumweleza habari za watoto wao kwa undani, bila kuchokonolewa, ndio ambao watoto wao walikuwa na utulivu wa moyo. Yaani hodari wa kutazama hakuwa mtafiti peke yake. Mama wa kijijini alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo.

Baadaye alihamia Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako zamani alifundisha John Watson, yule aliyewaonya wazazi mwaka 1928 wasiwabusu wala kuwapakata watoto wao. Kuanzia 1963 Ainsworth alifuata tena familia 26, safari hii kwa saa nne kila baada ya wiki tatu, mpaka mtoto avuke mwaka. Kila nyumba ilitazamwa kwa saa 72 hivi. Mwaka 1972, yeye na Silvia Bell walitangaza kwamba watoto walioitikiwa upesi walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo kuliko wengine mwaka wao wa kwanza ulipokaribia kwisha. Bibi zetu wangewaambia hivyo bure, ila bibi zetu hawakuwa na saa 72 za maandishi za kumnyamazisha Watson.

Na lile jaribio? Watoto wa Baltimore walizoea mama kutoka na kuingia, hawakushtuka nyumbani kama wale wa Uganda. Ndipo yeye na Barbara Wittig wakaunda kile chumba cha mazingira mageni. Baadhi ya watoto hawakumjali mama aliporudi. Mwenye dakika ishirini tu angewasifu kwa kujitegemea. Mwenye daftari la nyumbani alijua kuwa mama zao mara nyingi walikataa kuwapakata, na kwamba kule kutojali kulikuwa kinga.

Waliorithi jaribio bila kurithi ukaaji walipotea mara nyingi. Japani, kwa mfano, watoto wasiozoea kuachwa hata kidogo walilia sana, na wengi wakahesabiwa kuwa na mashaka juu ya mama zao. Kosa si la watoto.

Ainsworth alifariki mwaka 1999. Kitabu chake cha Kampala, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967, na ombi langu ni kwa wanaofundisha saikolojia Makerere, Nairobi na Dar es Salaam: kianze hicho, jaribio lifuate. Kisha kila mwanafunzi apewe nyumba moja, mtoto mmoja na daftari, arudi baada ya miezi tisa.