Niebuhr na Mkopo wa Pauni Milioni 7.5

Reinhold Niebuhr alichunga usharika mmoja mjini Detroit kwa miaka 13 kabla ya kwenda kufundisha New York, na kitabu chake cha mwaka 1932, Moral Man and Immoral Society, kina harufu ya usharika. Hoja yake ni kwamba mtu mmoja aweza kujinyima kwa ajili ya jirani yake, bali taifa haliwezi. Nalo taifa huyavika maslahi yake joho la maadili. Sisi Walutheri huikubali hoja hii upesi, maana tumefundishwa kwamba dhambi haiishii mlangoni pa ikulu.

Twaikubali upesi mno. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, kwa sababu Uingereza haikuuondoa utawala wa walowezi wachache waliojitangazia uhuru Rhodesia tarehe 11 Novemba. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndio ulioazimia hivyo. Nchi nyingi wanachama hazikutekeleza. Tanzania ilitekeleza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Je, hapo taifa halikujinyima?

Niebuhr angetujibu kwamba heshima mbele ya Afrika nayo ni maslahi. Jibu hilo halitushindi: hoja inayoita kila tendo maslahi haiwezi tena kupimwa kwa tendo lolote. Penye uzito ni pengine. Mzazi aweza kufunga. Je, aweza kuwafungisha watoto wake? Mkulima ambaye huenda mkopo ule ungemfikia hakuulizwa. Mwalimu Nyerere alitoa kilichokuwa cha wengine, na kwa hili Niebuhr anatubana kwelikweli, kwani ndiyo sababu anayoitaja ya kiongozi kutoweza kulitoa taifa lake sadaka kama atoavyo nafsi yake.

Hata hivyo aliandika akiwa raia wa taifa kubwa, na swali lake kuu ni jinsi ya kuizuia nguvu kwa nguvu. Nchi isiyo na nguvu ya kumzuia yeyote hakuifikiria sana. Nchi hiyo ina neno lake tu, na ikilivunja haibakiwi na kitu cha kusemea. Rhodesia ilidumu hadi 1980, tunajua. Lakini tunapomsikia mhubiri akimtaja Niebuhr ili kusema kwamba siasa ni siasa, tungependa kwanza atueleze ule mwezi wa Desemba.