Jedwali la Waya Linalojibu Nusu ya Swali

Bila shaka umeshaliona jedwali lile. Linazunguka kwenye simu za mafundi, na kuna maduka ya vifaa vya umeme yamelibandika ukutani: waya wa 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 kwa hita ya kuogea, 6 kwa jiko. Mistari minne, umemaliza. Leo nataka tulikosoe, maana wengi wetu tunanunua waya za nyumba nzima kwa kulitegemea hilo tu.

Tulipe haki yake kwanza. Namba zile ni unene wa shaba kwa milimita za mraba, na mpangilio wake una mantiki. Taa 10 za LED za wati 10 zinakula wati 100. Kwenye volti 230 hiyo haifiki hata nusu ampia. Waya wa 1.5 unabeba bila shida. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24, kwa hiyo lazima shaba iwe nene. Anayejenga kwa mara ya kwanza akilifuata, yuko mbele ya yule anayechagua waya kwa bei.

Tatizo ni kwamba jedwali linaoanisha waya na kifaa, kisha linaishia hapo. Breka haijatajwa kabisa.

Nikupe kisa cha nyumbani. Kwa mama mdogo, Mbagala, breka ya soketi za jikoni ilikuwa ya ampia 20, na ilikuwa inakatika akiwasha jagi la umeme, oveni ndogo na pasi kwa pamoja. Kila kimoja wati 2,000, jumla 6,000, yaani karibu ampia 26. Fundi akaja, akafunga breka ya 32. Nilipouliza kuhusu waya, akanijibu, "Ni 2.5 mdogo wangu, ni wa soketi, hauna shida." Kwa mujibu wa jedwali alikuwa sahihi kabisa! Miezi kadhaa baadaye jikoni kukawa kunanuka plastiki inayoungua. Tulipofungua soketi, ganda la waya lilikuwa limekauka na kuwa la kahawia.

Breka kazi yake ni kuulinda waya usipate moto kupita kiasi. Ya 32 haina sababu ya kukata kwenye ampia 26, hata kama waya uliopo hauziwezi.

Je, unaziweza? Hapo ndipo jedwali linapokosa jambo la pili, njia ya waya. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zinaupa waya wa 2.5 wenye ganda la PVC, ndani ya bomba ukutani, ampia 24. Hiyo ni kama joto la pembeni ni nyuzi 30 na bomba lina sakiti moja. Kwa mama mdogo waya unapita juu ya dari, chini ya mabati, ndani ya bomba moja na waya za sakiti nyingine. Kwa nyuzi 40 unazidisha kwa 0.87. Kwa sakiti mbili zenye mzigo kamili unazidisha tena kwa 0.8. Unabaki na ampia 16.7. Kwa hesabu hiyo hata breka ya 20 ya mwanzo ilikuwa kubwa mno.

Urefu nao haumo. Hita ile ya ampia 24 ikiwa mita 30 kutoka kwenye breka, waya wa 4 unapoteza takriban volti 6 njiani, na wa 2.5 takriban volti 10.

Utasema jedwali la mistari minne haliwezi kubeba yote hayo. Kweli, silidai hivyo. Ila safu moja zaidi, "breka isizidi ampia ngapi", pamoja na mstari wa chini unaosema "punguza kama waya unapita penye joto au umesongamana na nyingine", vingeenea kwenye karatasi ileile.

Mpaka wakiongeza, jaza mwenyewe pengo hilo. Breka ikikatika mara kwa mara, punguza mzigo kwanza. Na fundi akikwambia tuweke kubwa zaidi, muulize maswali mawili kabla hajashika bisibisi: waya wake ni wa ngapi, na unapita wapi?