Wakili wa Kapenguria

Mtu akisifiwa sana baada ya kufa, yafaa tusikilize kwa makini, maana mara nyingi husimuliwa nusu tu ya maisha yake. Ndivyo ilivyo kwa Fitz de Souza, wakili wa Kenya (sisi twasema avoka), aliyefariki mwaka 2020. Wamsifuo hukomea mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru. Hata kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 2019, chaitwa Forward to Independence, yaani “Mbele hata Uhuru”. Mimi naona ya baada ya uhuru ndiyo yafundishayo zaidi.

Kwanza tumpe haki yake. Alizaliwa Bara Hindi mwaka 1929, katika jamaa ya Wagoa. Alisoma sheria London, akarudi Kenya mwaka 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Jomo Kenyatta na wenzake watano wakashitakiwa, na kesi ikapelekwa mbali, Kapenguria, katika chumba cha shule. Kiongozi wa watetezi alikuwa Mwingereza, D. N. Pritt. Kati ya waliomsaidia alikuwamo de Souza, kijana wa miaka 23.

Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Watetezi walishindwa. Je, walijisumbua bure? Hapana. Mashahidi waliulizwa mbele ya watu, na majibu yao yakaandikwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa serikali, aliapa kwamba alikuwa ameshuhudia uongo, nao watu wakajua ni maneno gani aliyoyakana. Hiyo ndiyo faida ya wakili hata akishindwa. Asipokuwapo, uongo hupita bila kuulizwa, na uongo usioulizwa hukaa mahali pa kweli.

Sasa tumtazame mmoja wa wale sita, Achieng Oneko. Aliondolewa hatia katika rufani mwaka 1954, lakini Waingereza hawakumwachia. Wakamweka kizuizini bila hukumu hata mwaka 1961. Baada ya uhuru akawa waziri, kisha mwaka 1966 akaachana na Kenyatta. Mwaka uleule Bunge la Kenya likaipa serikali uwezo wa kumfunga mtu bila kesi. Mwaka 1969 Oneko akakamatwa, akakaa kizuizini hata mwaka 1975. Safari hii aliyemfunga hakuwa Mwingereza, bali serikali ya yule aliyeshitakiwa pamoja naye Kapenguria!

Na katika Bunge hilo la miaka ya 1960, Naibu Spika alikuwa de Souza. Rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa na mbunge kama yeye, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Simhukumu de Souza. Naibu Spika huongoza mazungumzo. Hawezi peke yake kuzuia sheria ya chama chenye nguvu. Walakini maisha yake yatuwekea kipimo kigumu. Kumtetea mtu mbele ya mgeni atawalaye ni ushujaa. Kumtetea mbele ya rafiki yako aliyepata kutawala ni ushujaa mkubwa zaidi, maana huogopi kifungo tu, waogopa pia kuitwa msaliti.

Jambo hili si la Kenya tu. Mwaka 2021, utawala wa askari ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa mahakimu wa jeshi. Sisi wa Bungulu, ambao tumezika wengi, twatamani wauaji waadhibiwe, na ni haki kutamani. Lakini tusimchukie avoka amteteaye mshitakiwa. Yeye huulizia ushahidi, ili asiye na hatia asifungwe, na mwenye hatia halisi asibaki akitembea kati yetu.

Basi, ukiwasimulia vijana habari za de Souza, usikomee mwaka 1963. Wasimulie Kapenguria, kisha wasimulie Oneko. Wakiuliza kwa nini mtu mmoja alifungwa bila hukumu na serikali mbili, hapo watakuwa wameanza kuelewa kazi ya sheria.