Mganga, Mbadala na Leseni: Uhakiki wa Istilahi za Sheria ya Tiba Asili

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, ilitungwa kwa Kiingereza. Watu inaowahusu, yaani waganga na wagonjwa wao, huendesha shughuli zao kwa Kiswahili au kwa lugha za makabila yao. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na maafisa, ambao walimweleza mwombaji matakwa ya sheria kwa maneno waliyoyaona yanafaa. Lakini tangu Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, iliporekebishwa mwaka 2021, lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na zile zilizotungwa kwa Kiingereza hazina budi kutafsiriwa. Neno lililokuwa maelezo ya afisa hugeuka kuwa neno la sheria, na mtu aweza kushtakiwa kwalo. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuyapima maneno matatu yanayotumika sana katika uwanja huu, tukionyesha wapi yanatosha na wapi yanapotosha.

Neno la kwanza ni mganga. Asili yake ni kitenzi kuganga, ambacho maana yake ni kutibu, na pia kutengeneza kilichoharibika. Maana hiyo pana ndiyo iliyomo katika methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Serikali yenyewe haijalionea haya neno hili: daktari mwenye cheo cha juu kabisa katika Wizara ya Afya huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na wilaya na mikoa ina waganga wakuu wake. Hata hivyo, neno hilo hilo hutumika kumtaja mtaalamu wa mitishamba, mwunga mifupa, mpunga pepo na mpiga ramli. Katika mazungumzo ya kawaida wingi huo wa maana haudhuru, kwani msikilizaji humjua anayetajwa. Katika sheria wadhuru.

Ushahidi wa madhara hayo tunao. Mwezi Januari 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi wote. Januari 2015 likatangazwa katazo jingine dhidi ya waganga, kwa sababu ile ile. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayepinga nia ya hatua hizo. Tatizo ni kwamba aliyelengwa alikuwa mpiga ramli anayemwambia mteja kwamba kiungo cha binadamu huleta utajiri, lakini neno lililotumika lilimkumba pia bibi anayechemsha mizizi kwa ajili ya homa ya watoto. Vyombo vya habari vya nje vilizidisha mchafuko huo kwa kumwita mganga kwa jina la Kiingereza linalounganisha uchawi na udaktari. Aidha, Sheria ya Uchawi, iliyotokana na amri ya mwaka 1928, huhesabu kuwa uchawi hata kule kudai tu kwamba mtu anao ujuzi wa mambo ya siri. Basi mfasiri akiandika "mganga" bila kifafanuzi katika sheria zote mbili, mtu mmoja ataruhusiwa na sheria moja na kuharamishwa na nyingine.

Katika jambo hili tunapenda kuisifu istilahi moja iliyozuka katika matangazo ya Serikali, nayo ni ramli chonganishi. Aliyeibuni alifanya kazi njema. Kivumishi hicho hakimlaumu mtu kwa sababu ya kazi yake. Chataja kitendo chenye madhara, yaani kumtaja jirani au ndugu kuwa ndiye mchawi. Huo ndio mfano tunaopendekeza ufuatwe. Maandishi ya sheria yanayokataza yataje kitendo, na yale yanayoruhusu yamtaje mtu kwa jina kamili: mganga wa tiba asili. Neno mganga lisisimame peke yake.

Kuhusu kivumishi chenyewe, tumekuwa na maneno matatu yanayoshindana: kienyeji, jadi na asili. Kienyeji lina harufu ya dharau ya enzi ya ukoloni, ambapo kila kitu cha mwenyeji kilihesabiwa kuwa duni. Jadi halina dharau, bali ni finyu, kwani hudai urithi wa mababu. Sheria ya 2002 haikudai hivyo; humtambua mganga kwa kuwa jamii anamoishi inamtambua kuwa anaweza kutibu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakanywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa ilitokana na mti wa huko huko, lakini yeye alisema ameoneshwa na Mungu katika ndoto. Hakuna aliyeweza kuiita tiba yake ya jadi, na waliokwenda kwake walikwepa hata kumwita mganga, walimwita Babu. Neno asili, ambalo husemea zaidi chanzo cha dawa kuliko ukoo wa mtoaji, laweza kumbeba mtu wa namna hiyo. Tunaliunga mkono.

Neno la pili, mbadala, limetutia mashaka makubwa zaidi. Katika sheria, tiba mbadala ni zile ambazo si za mapokeo ya jamii zetu wala si za hospitali za kawaida, kama vile tiba ya sindano ya Kichina na homiopathi. Lakini katika Kiswahili, kilicho mbadala hushika nafasi ya kingine. Anayesikia nishati mbadala huelewa kwamba kuni na mkaa vitaachwa. Vivyo hivyo, mgonjwa wa kisukari au wa kifua kikuu anaposoma kibao cha "tiba mbadala" ana haki ya kuelewa kwamba aweza kuziacha dawa za hospitali. Hapo kosa la istilahi hulipwa kwa uhai wa mtu.

Wenzetu wa Uganda, katika sheria yao ya mwaka 2019, walichagua neno lenye maana ya kukamilisha, ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema tiba jalizi, kama vile walimu wa sarufi wasemavyo kijalizo. Neno hilo ni salama zaidi kwa mgonjwa, lakini nalo lina dai lake: husema kwamba tiba hiyo huongeza kitu, jambo ambalo halijathibitishwa kwa kila tiba. Tena mbadala limekwisha kuingia katika jina la sheria na la Baraza linaloisimamia, na neno lililoota mizizi haling'olewi kwa makala moja. Kwa hiyo twapendekeza libaki katika jina, ila kila leseni na kila kibao kitaje aina ya tiba yenyewe, na tafsiri ya sheria iseme waziwazi kwamba mbadala si amri ya kuacha matibabu mengine.

Neno la tatu ni leseni, pamoja na jamaa zake usajili, kibali na cheti, ambayo maofisini hubadilishana nafasi ovyo. Baraza husajili waganga, vituo vyao na dawa zao, na hayo ni mambo matatu tofauti. Anayetangaza kwamba "nimesajiliwa na Serikali" huwaachia wasikilizaji wadhani kwamba dawa yake nayo imepimwa. Twashauri usajili uwe kuandikwa katika daftari. Leseni iwe ruhusa ya kufanya kazi kwa muda maalumu. Kibali kiwe ruhusa ya jambo moja. Cheti iwe karatasi inayoshuhudia hayo. Neno kuthibitishwa liwekewe dawa iliyochunguzwa, na usajili usitajwe bila kueleza kilichosajiliwa ni nini.

Hatudai kwamba tumemaliza mjadala. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa mikoani watuletee maneno yanayotumiwa na waganga wenyewe kutofautisha kazi zao. Huenda mwunga mifupa na mpunga pepo walikwisha kuitenganisha mipaka ambayo sisi maofisini bado tunaitafuta.